Kibaraza Ambacho Hakikuja na Pikipiki

Kwa Meneja,
Duka la Pikipiki linalotazamana na kituo cha mafuta.

Ndugu Meneja,

YAH: KIBARAZA AMBACHO SIKUKABIDHIWA

Kosa ambalo watu wengi hulifanya wanaponunua pikipiki ya kwanza ni kuichagua kwa jinsi inavyokwenda. Pikipiki zote zinakwenda. Ndiyo kazi iliyozileta duniani. Swali la kuuliza ni namna itakavyosimama, na miguu yako itakuwa wapi wakati huo. Nakueleza haya mapema kwa sababu mimi niliyajua baada ya kununua, na mtu aliyefundisha hisabati miaka thelathini na sita hawezi kujua jambo akanyamaza nalo.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wafanyakazi wako wote. Mimi pia ni mzima, ukiacha goti la kushoto, kiwiko cha kushoto, na heshima yangu, ambayo nayo iliangukia upande huohuo.

Mimi ni yule mzee mfupi aliyekuja dukani kwenu wiki sita zilizopita na daftari la mistari. Huenda jina langu hukulishika, lakini wanafunzi wangu wa zamani, ambao wameujaza mji huu, huniita Mwalimu Nukta. Kwa miaka mingi niliamini ni kwa sababu nilikuwa mkali kwa yeyote aliyekosea mahali pa kuweka nukta ya desimali. Nilipostaafu ndipo mmoja wao akaniambia, kwa upendo kabisa, kwamba wale wa madawati ya nyuma walipotazama ubaoni, nukta ndiyo waliyokuwa wakiiona.

Nilinunua kwenu ile pikipiki kubwa ya bluu, yenye matairi ya meno na madigadi ya mbele yaliyoinuka kama yanashangaa. Sina lalamiko lolote juu ya injini yake. Inawaka kwa mbonyezo mmoja, haivuji, haikohoi. Lalamiko langu linaanzia chini, kwenye ardhi, mahali ambapo mimi na pikipiki hiyo hatujawahi kukutana kwa hiari.

Kabla sijaorodhesha, niruhusu nieleze kwa nini jambo hili haliwezi kungoja. Mke wangu ni mkunga katika zahanati ya mtaani kwetu. Kwa miaka thelathini na minne ametoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, akatembea mpaka kijiweni, akapanda pikipiki ya kukodi. Siku niliyoagwa kazini, nilisimama mbele ya wageni, juu ya kiti ili nionekane, nikaahidi kwamba kwa muda wote uliobaki wa utumishi wake nitampeleka kazini mimi mwenyewe. Watu walipiga makofi. Yeye alisema, "Haya." Walioishi katika ndoa wanajua "haya" moja inaweza kubeba mzigo kiasi gani. Hayo yalikuwa mwaka mmoja na nusu uliopita. Nilihitaji muda wa kufanya utafiti. Leo ninapoandika, zimebaki siku kumi na saba za kazi naye anastaafu, na bado sijamfikisha hata mara moja. Niliwahi kumpeleka. Kumfikisha ni somo jingine, nami nitalifundisha hapo chini, kwenye lalamiko la tano.

LALAMIKO LA KWANZA: Kibaraza chenyewe.

Pikipiki hiyo mliiweka nje, mbele ya duka, sambamba na kibaraza chenu cha saruji. Nilipoipanda, mguu wangu wa kushoto ulitua juu ya kibaraza kwa raha zote, goti limekunjika kidogo, kama mtu aliyekaa nje ya nyumba yake akingojea chai. Mguu wa kulia ulikuwa hewani. Nilidhani ndivyo mguu wa kulia wa mwendeshaji unavyotakiwa kuwa, maana breki ya nyuma iko upande huo, na mguu wa kazi haupaswi kupumzika. Kisha nikajitazama kwenye kioo cha dirisha la duka. Ndugu Meneja, nilipendeza. Kwa mara ya pili maishani mwangu nilionekana mrefu.

Mara ya kwanza ilikuwa siku ya harusi yangu. Mpiga picha alitutazama mimi na bibi harusi, akakuna kichwa, akasema, "Bwana harusi, panda ngazi moja." Picha hiyo iko ukutani sebuleni mpaka leo, na gauni la mke wangu limeifunika ngazi yote. Wajukuu wanaamini kwamba nilikuwa mrefu, nikapungua kwa sababu ya kufundisha.

Fundi wenu aliniletea pikipiki mpaka nyumbani, akaiegesha, akaniaga. Kesho yake asubuhi niliipanda kwenye uwanja ulio sawa. Nilitafuta ardhi kwa mguu wa kushoto, sikuiona. Nikaitafuta kwa wa kulia, nao ukarudi bila habari. Nikabaki pale juu kama kuku aliyepanda paa akasahau alipandaje, mpaka mke wangu alipotoka kumwaga maji, akanishikia.

Baadaye nilirudi dukani kwenu na futi ya fundi cherehani. Kibaraza chenu kina shubiri moja kutoka ardhini. Nyayo zangu, nikikaa katikati ya kiti, ziko shubiri moja kutoka ardhini. Hesabu haina upendeleo: nilionyeshwa pikipiki na kibaraza kama kitu kimoja, nikakabidhiwa kitu nusu.

LALAMIKO LA PILI: Adabu ya binti wa mauzo.

Binti anayewauzia aliniambia ukweli, lakini aliniambia mara tatu tu, tena kwa sauti ya chini.

Mara ya kwanza alisema, "Mwalimu, hiyo ni ndefu kwako. Hebu kaa kwenye hii ndogo nyekundu." Nilimfungulia daftari. Nieleze kidogo juu ya daftari hilo. Lilikuwa na vigezo ishirini, kila kigezo alama tano, jumla mia moja: ukubwa wa tangi, mwanga wa taa, upana wa matairi, upatikanaji wa vipuri, mlio, mwonekano mbele ya jamii, na kadhalika. Ile ya bluu ilipata tisini na moja. Nyekundu ilipata hamsini na nane, ikafelishwa hasa na mwonekano mbele ya jamii. Nilisahihisha pikipiki tisa kwa wino mwekundu, nikazipanga kwa nafasi, na wakati wa kusahihisha sikukalia hata moja, kama vile nilivyosahihisha mitihani miaka yote bila kuwakalia wanafunzi. Katika vigezo vyote ishirini hapakuwa na kigezo cha miguu. Mtunga mtihani anaposahau swali, wanafunzi wote hulipata.

Mara ya pili binti alisema, "Basi shuka, tuisogeze huku uwanjani, halafu ukae tena." Nilimweleza juu ya kitovu cha uzito. Maelezo yalichukua dakika ishirini, na nilimchorea mchoro.

Mara ya tatu alisema, "Sawa, Mwalimu, lakini miguu?" Nikamjibu kwamba pikipiki hubebwa na magurudumu, haibebwi na miguu. Wateja wawili walicheka, nami nikahesabu kicheko chao kuwa kura mbili za kuniunga mkono.

Sasa naomba unijibu, Ndugu Meneja: mfanyakazi anayejua ukweli, kwa nini alikubali kukatizwa na mteja asiyejua? Angeninyang'anya daftari. Angenizomea. Nimesimamia madarasa ya watoto sitini, naijua sauti inayomfanya mtu afunge mdomo, na binti huyo anayo, kwa maana nilimsikia akiitumia kwa fundi aliyemwaga oili. Kwangu hakuitumia. Ule ulikuwa uzembe uliovalishwa heshima, na matokeo yake yako kwenye kiwiko changu.

LALAMIKO LA TATU: Kwamba mlinifaulisha.

Mlinipa mafunzo ya siku tano nyuma ya duka kwa ile pikipiki kuukuu ya wanafunzi, ambayo kiti chake kiko chini kama kigoda. Nilizunguka mapipa, nilibadili gia, nilisimama pale nilipoambiwa nisimame, nyayo zote mbili chini. Fundi wenu akasema, "Mzee, wewe na hii mmependana." Leseni nikaipata bila tabu.

Hakuna aliyewaza kwamba mtu aliyefaulu juu ya kigoda sasa anakwenda kununua ngazi. Mwalimu mwangalifu angenifelisha kwa tahadhari tu.

LALAMIKO LA NNE: Hali yangu barabarani.

Kwenda, ninakwenda. Nikishapata mwendo, mimi ni mwendeshaji kama waendeshaji wengine, na wapo walionisifu. Tatizo ni kwamba kila safari, hata iwe nzuri vipi, ina tabia ya kufika mwisho.

Siku ya tatu, kwenye makutano makubwa, taa ikawa nyekundu. Mimi ni mtiifu wa sheria, nikasimama. Pikipiki ikasimama. Kisha tukaanza safari ya pili, ya kuelekea kushoto, polepole sana, kiasi kwamba nilipata nafasi ya kumwamkia mama mmoja aliyekuwa akivuka, naye akaitika kabla sijafika chini. Askari wa usalama barabarani alinijia, akainama, akauliza, "Mzee, unaegesha au unaanguka?" Nilikuwa bado na kiburi kidogo, nikamjibu, "Naegesha." Akaniandikia kosa la kuegesha mahali pasiporuhusiwa.

Tangu siku hiyo nilifanya anachofanya kila mtu msomi anayeona aibu: nilichora ramani. Nilizunguka mji kwa miguu siku mbili na futi mkononi, nikaandika kila mahali penye kibaraza, ngazi au jiwe la kimo cha shubiri moja upande wa kushoto wa barabara. Ni mahali kumi na moja. Sasa siendi ninakotaka kwenda, naenda panaposimamika. Kituo cha kwanza ni kibaraza cha kinyozi, kilicho jirani na soko. Nimenyolewa mara nne ndani ya wiki mbili, kwa sababu nasita kusimama mlangoni kwa mtu bila kununua huduma yake. Safari ya mwisho kinyozi alizungusha mashine hewani tu, akaniambia, "Mwalimu, hapa mimi nafuta vumbi." Kituo cha pili ni benki, ambapo mlinzi sasa huniandika kwenye kitabu chake ninapofika na ninapoondoka, maana mzee anayekuja kila siku, anakanyaga ngazi kwa mguu mmoja, anatazama huku na huku kisha anaondoka, lazima awe anapanga jambo. Cha tatu ni kwa seremala wa majeneza. Yeye kila nikisimama hutoka na futi yake, nami yangu ninayo, tunasalimiana kama watu wa fani moja. Juzi alinipima kwa macho, akanifariji kwamba kwangu mbao haitapotea nyingi.

Nilimwomba fundi wenu aishushe pikipiki. Nakiri kwamba alijitahidi. Alilegeza springi, akakata sponji ya kiti, ikashuka kwa vidole vitatu. Sasa nimekalia bati, na ardhi ninaigusa kwa ncha ya kidole gumba cha mguu mmoja, kama mtu anayepima joto la maji ya kuoga.

LALAMIKO LA TANO, ambalo ndilo lililonishikisha kalamu: Mke wangu.

Siku pikipiki ilipoletwa, mke wangu aliizunguka mara mbili. Aliubonyeza mnyororo kwa kidole, akasema umelegea. Nikamkalisha nikamweleza kazi ya mnyororo. Aliuliza, "Umeikalia?" Nikamwonyesha alama tisini na moja. Hana ugeni na pikipiki, maana ujanani, kabla hatujaoana, alikuwa kwenye timu ya chanjo, akizungushwa vijijini kwa pikipiki ndefu ya idara na kasha la barafu nyuma. Kwa hiyo nilichukulia kwamba kama abiria ana uzoefu wa kutosha.

Asubuhi ya kwanza ya kumpeleka, mambo yalianza vizuri. Nyumbani kwetu pana ngazi mlangoni. Nilikanyaga ngazi, akapanda nyuma yangu na mkoba wake, tukaondoka. Majirani walitoka kutazama. Nilipiga honi mara mbili bila sababu yoyote.

Tulipofika zahanati ndipo nilipokumbuka kwamba pale hapana kibaraza. Zamani palikuwa na ngazi tatu nzuri. Mke wangu mwenyewe ndiye aliyepigania zivunjwe, pajengwe mteremko wa kupitishia machela na viti vya magurudumu. Alipigania miaka miwili, nami ndiye niliyemsaidia kuandika barua. Barua zangu huwa na nguvu pale zinapokuja kunigeukia mwenyewe.

Sikuweza kusimama. Nikapita. Nikazunguka nyuma ya jengo, nikarudi, nikapita tena. Akina mama wajawazito walikuwa wamepanga foleni nje wakingoja, wakawa wanageuza shingo kwa pamoja. Mzunguko wa tatu mmoja wao akaita, "Sista, huyo dereva wako amepotea au ana nadhiri?" Nilimshauri mke wangu, kwa upole, kwamba nikipunguza mwendo sana angeweza kuruka. Alinisogelea sikioni, akasema, "Baba, nimezalisha watoto waliogoma kutoka. Sijawahi kuzaliwa mimi mwenyewe barabarani." Nikamrudisha nyumbani, kwenye ngazi. Akaenda kijiweni, akakodi. Alichelewa kazini kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na minne. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Tangu hapo anakwenda na dereva wake wa siku zote, baba wa watoto watano, wanne kati yao wamepokewa duniani na mke wangu. Pikipiki yake ni ndogo, imekwanguka rangi, na anaposimama huweka nyayo zote mbili chini na bado goti linabaki na akiba. Nami, kwa kuwa ahadi ni deni, huwafuata kwa nyuma na ile kubwa ya bluu, kiti cha abiria kitupu, taa nimewasha. Nawasindikiza mpaka mteremkoni, nazunguka jengo mara moja kwa heshima, narudi. Juzi dereva huyo aligeuza kichwa, akauliza, "Mwalimu, hivi unatusindikiza au unatufukuza?" Mke wangu alikuwa amemshika bega. Aliinamisha kichwa, na kwa nyuma sikuweza kuona kama anacheka. Nimeliwaza jambo hilo kuliko ninavyopenda kukiri.

MAOMBI YANGU, kwa mpangilio wa ugumu:

La kwanza, mnikabidhi kibaraza changu. Sihitaji chote, hatua mbili zinatosha. Kibomolewe kwa uangalifu, kikajengwe upya mbele ya zahanati, kando ya mteremko, upande wa kushoto.

La pili, ikiwa kukihamisha ni vigumu, mjenge nakala zake pale ambapo ramani yangu inaonyesha pengo: kwenye makutano yote yenye taa, kituo cha mafuta, na nje ya ofisi ya askari wa usalama barabarani, ambako naitwa mara kwa mara.

La tatu, hayo yakishindikana, mniunge mkono katika barua ninayoiandaa kwenda halmashauri, nikiomba ardhi ya mji ipandishwe kwa shubiri moja. Nimefanya hesabu ya vifusi. Mji wote ukipanda kwa pamoja hakuna atakayeona tofauti isipokuwa mimi, na wengine watabaki vilevile kama walivyo. Naona hiyo ndiyo njia ya haki zaidi, kwa sababu ile ya kwanza inampendelea mtu mmoja.

La nne, binti wa mauzo apandishwe cheo, apewe filimbi. Mteja yeyote akifungua daftari, aipulize.

Nakuomba majibu ndani ya siku chache, kwa kuwa zile kumi na saba hazinisubiri. Siku ya kumi na nane mke wangu hatakuwa na mahali pa kupelekwa, na mimi nitabaki mtu aliyepanda kiti mbele ya wageni akasema maneno.

Wasalimie wote hapo dukani. Fundi mwambie kidole gumba kinamshukuru. Yule mama anayeuza vitafunwa mlangoni kwenu mwambie kwamba siku ile alipotikisa kichwa nilimwona, nikajifanya sikumwona. Wateja wawili waliocheka, wakirudi, wasalimieni pia, na kura zao nimezifuta.

Ni mimi, nisiyeweza kusimama lakini ninayesimamia kila nilichoandika,

Mwalimu Mstaafu (Hisabati),
ajulikanaye pia kama Nukta.

NYONGEZA BAADA YA SAHIHI

Ndugu Meneja, ninaandika haya siku mbili baadaye, na naomba uyasome kabla hujatafuta nyundo.

Mke wangu huzisoma barua zangu zote kabla hazijaingia kwenye bahasha, azipunguze. Hii aliisomea kwenye kigoda cha jikoni. Alipofika kwa seremala alicheka mpaka akashika ukuta. Alipofika lalamiko la tano aliacha kucheka. Akaikunja, hakufuta hata neno moja, akachukua ufunguo kwenye msumari, akatoka nao nje.

Aliitoa pikipiki stendi. Aliiinamisha kidogo, akavusha mguu, akaikalia. Nyayo zake zote mbili zilikuwa chini, Ndugu Meneja, kisigino na vidole, katikati ya uwanja usio na kibaraza chochote. Ile ngazi iliyo kwenye picha ya harusi si mapambo. Ndiyo tofauti iliyopo kati yetu, na nilikuwa nimeitazama ukutani kila siku bila kuifanyia hesabu. Akabana klachi, akawasha, akatia gia, akazunguka uwanja mara mbili, akarudi kusimama mbele yangu bila kuyumba.

Nilimuuliza nani alimfundisha. Akasema, "Kwani unadhani ile pikipiki ya chanjo ilikuwa ikijiendesha yenyewe?" Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Nilikuambia mwaka tuliooana. Ulikuwa unanieleza kitu."

Nimejaribu kukumbuka nilikuwa namweleza kitu gani, na sikumbuki. Miaka thelathini na minane, na sikuwahi kumuuliza nani alikuwa ameshika usukani. Nilipomweleza kazi ya mnyororo, aliniacha nimalize.

Jana asubuhi tulikwenda kazini kwake, yeye mbele, mimi nyuma na mkoba wake mapajani. Tulipopita kijiweni, dereva wake alisimama kutuangalia, akasema, "Mama, hongera, umepata abiria." Mbele ya zahanati alishika breki, akaweka miguu chini, akaniambia, "Shuka, Baba, niko imara." Nikashuka. Palikuwa mbali kidogo kufika chini, lakini alinishika mkono. Wale akina mama wa foleni walipiga makofi, naye akasema "haya" kwa sauti ambayo sijaisikia kwake siku nyingi. Alikuwa amewahi kwa robo saa. Pikipiki ilibaki kwake, mimi nikarudi kwa miguu, nikapita barabara zote ambako sikuwa nikiweza kusimama, na kila mahali nikasimama kidogo, nyayo zote mbili, kwa kufurahi tu.

Kwa hiyo pikipiki mliyoniuzia ni nzuri, na ilichaguliwa vizuri, isipokuwa ilichaguliwa kwa ajili ya mtu mwingine. Kibaraza kibaki kwenu. Halmashauri iache ardhi ilipo. Filimbi tu ndiyo nasisitiza. Na ikiwa ile ndogo nyekundu bado haijanunuliwa, mwambie binti nitakuja kuikalia kesho bila daftari, anionyeshe uwanja wa kuikalia. Siku za kazi zimebaki kumi na tano, na kurudi kwa miguu kila asubuhi ni mbali kwa mtu wa kimo changu.

Jambo moja lisingoje mpaka nije. Leo, kabla hamjafunga duka, iondoeni pikipiki iliyoko kando ya kibaraza, muisogeze hatua tatu uwanjani.